Taa ya Kumi

Saa tatu na nusu asubuhi, uani mwa kituo cha polisi, Mkaguzi wa magari aliunganisha betri ya kuazima kwenye gari lililogongwa, akafuta mikono kwenye ovaroli, akampa Inspekta ufunguo.

"Zungusha kidogo tu, mpaka taa ziwake. Usiwashe injini."

"Injini yenyewe iko miguuni kwangu, mzee. Niwashe nini?"

"Nakukumbusha tu, afande. Watu wana mazoea."

Inspekta alizungusha. Pua yote ya gari ilikuwa imerudi nyuma, kioo cha mbele hakipo, lakini dashibodi ilikuwa na ufa mmoja tu, na taa zake zikawaka kana kwamba gari linasubiri safari. Alizihesabu kwa kidole: ya mafuta, ya betri, ya breki, ya mkanda, akaendelea hadi ya mwisho.

"Tisa," alisema.

"Hesabu tena."

"Tisa, mzee. Nimekwenda shule."

"Gari la aina hii lina taa kumi." Mkaguzi alipitisha mkono dirishani, akagusa sehemu nyeusi upande wa kulia. Inspekta alichomoa tochi ndogo aliyoivaa shingoni kwa kamba, ile iliyofanya kituo kizima kimwite Bi Tochi akishageuka mgongo, akamulika. Palikuwa na picha ndogo ya mtu aliyeketi, na mbele ya kifua chake duara.

"Hiyo ni ya mfuko wa hewa," Mkaguzi alisema. "Ukizungusha ufunguo inatakiwa iwake sekunde chache, ijikague, kisha ijizime. Ikigoma kuzima, mfuko una hitilafu. Na isipowaka kabisa, watu hufurahi. Wanaona dashibodi safi. Kumbe mgonjwa amezibwa mdomo."

Inspekta hakupenda mfano huo, maana mwenye gari alikuwa hospitali na mdomo wake umefungwa kwa waya.

Alikuwa mkunga. Siku tano nyuma, akienda zamu ya asubuhi, aligonga ukingo wa daraja. Mfuko ambao ungeruka kutoka kwenye usukani umkinge haukuruka. Kifua chake kilipiga usukani, taya likavunjika mahali pawili. Polisi walipoung'oa mfuniko wa usukani hawakukuta mfuko. Walikuta shimo limeshindiliwa sponji.

Mtu wa mwisho kulishika gari hilo gereji, wiki mbili zilizopita, alikuwa fundi, mdogo wa mkunga huyo, tumbo moja. Tena walipopekua gereji yake walikuta mfuko wa hewa juu ya rafu, umefunikwa gazeti. Mume wa mkunga alikuja mwenyewe kumshitaki shemeji yake. "Kikulacho ki nguoni mwako," alimwambia Sajenti, akatia sahihi kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. Saa nane mchana wa leo fundi angepandishwa mahakamani kwa kumwibia dada yake kitu kilichokuwa kimlinde.

Jana Inspekta alikwenda hospitali. Mkunga hakuweza kusema, lakini alishika kalamu, akaandika maneno mawili na kutia sahihi chini yake: *Siyo yeye.* Inspekta aliikunja karatasi ile akaitia mfukoni. Neno la dada si ushahidi. Hata hivyo lilikuwa limemwasha, na tangu alfajiri hakuweza kukaa kitako.

"Tuanze mwanzo," alisema. "Kwa nini haiwaki?"

"Fyuzi," alisema Mkaguzi, akiichomoa. "Nzima, hii hapa."

"Balbu?"

Mkaguzi alifungua skrubu nne, akaivuta dashibodi, akaipindua mapajani. Alizungusha balbu ya kumi ikatoka. Akaigusisha kwenye betri yake ndogo ya kupimia. Iliwaka.

Sajenti, aliyekuwa ameegemea ukuta na faili kwapani, aliacha kutafuna njiti yake. "Kama balbu ni nzima na fyuzi ni nzima, basi waya umekatika kwenye ajali."

"Waya ni mzima, nimeupima jana." Mkaguzi aliigeuza balbu chini ya tochi ya Inspekta. "Tazameni kitako chake."

Palikuwa na kipande cha tepu nyeusi, kidogo kama ukucha wa mtoto, kimebandikwa barabara pale balbu inapopokelea umeme.

Inspekta aliisogezea tochi. "Hii haikujibandika."

"Wala haikubandikwa na mjinga. Ukitoa mfuko ukaiacha taa, taa itawaka kutwa kucha kumwambia dereva kwamba mfuko haupo. Ukiing'oa balbu, anayefungua dashibodi ataona tundu. Huyu ameacha balbu mahali pake, akainyima umeme. Na gundi ya tepu imekauka hivi, afande. Wiki mbili haziifanyi hivi."

"Gundi haisimami kizimbani," alisema Sajenti. "Eabegi, yaani ule mfuko wa hewa wa kwenye rafu, inasimama."

"Basi twende tukaitazame hiyo inayosimama."

Mfuko uliokutwa kwa fundi ulikuwa stoo ya vielelezo. Mkaguzi aliupindua mara moja tu, akaguna. Nyuma yake ulikuwa na plagi mbili. Usukani wa mkunga ulikuwa na waya wa plagi moja.

"Huu hauingii kule hata ukiusukuma kwa nyundo," alisema.

"Huenda kauza ule, akabaki na huu," alisema Sajenti, lakini sauti ilikuwa imepungua.

Walimtoa fundi mahabusu, wakamkalisha kwenye chumba chenye meza moja na viti vitatu. Alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, mwenye mafuta meusi kwenye mikunjo ya vidole, ya aina isiyotoka kwa sabuni wala kwa siku tano.

"Eabegi ya kwenye rafu ni ya nani?" Inspekta aliuliza.

"Ya mteja, afande. Ana gari la mizigo. Ilikuwa na kasoro, nimeagiza nyingine. Nimeisema siku ya kwanza."

"Gari la dada yako ulilifanya nini?"

"Pampu ya maji. Basi."

"Dashibodi hukuifungua?"

"Pampu ya maji iko mbele, afande. Nikafanye nini kwenye dashibodi?"

"Usinijibu kwa swali."

"Samahani. Sikuifungua."

"Kabla ya pampu, ulishawahi kulishika?"

"Hapana. Yadi ya magari walikolinunua iliwapa matengenezo ya bure miezi sita. Dada akasema, mdogo wangu, cha bure hakikataliwi. Mwezi wa saba ndio akaja kwangu."

Inspekta alimtazama. Watuhumiwa wengi hueleza kuliko wanavyoulizwa. Huyu alijibu kama anayempa mtu spana, moja moja.

"Gari likiingia gereji kwako, jambo la kwanza unafanya nini?"

"Nahesabu taa."

Sajenti aliinua uso. Mkaguzi, aliyekuwa mlangoni, aliingia ndani kabisa.

"Eleza."

"Kuna mteja aliwahi kunisingizia nimemuunguzia taa ya dashibodi, nikailipa. Tangu siku hiyo, gari likiingia nazungusha ufunguo, nahesabu taa mbele ya mwenyewe, naandika, anatia sahihi. Likitoka, vilevile. Mtaani wananicheka. Wananiita Karani."

"Unaandika wapi?"

"Kwenye daftari langu. Mnalo nyinyi."

Walikuwa nalo kweli. Lilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na mkanda na simu yake, na Sajenti alikuwa ameliandika kwenye orodha kama *daftari moja, chafu*. Inspekta aliomba aletewe, akalifungua na kupekua kwa haraka mpaka tarehe aliyoitaka. Mwandiko ulikuwa wa kutulia:

*Gari la dada. Pampu ya maji. Kuingia, taa tisa. Kutoka, taa tisa.*

Kando ya kila mstari palikuwa na sahihi ya mkunga, ile ile iliyokuwa chini ya maneno *Siyo yeye*. Kurasa zilizofuata zilikuwa na wateja wengine kumi na wanne, kila mmoja na tarehe yake na sahihi yake.

"Hii hakuiandika jana," Inspekta alisema, akimsukumia Sajenti daftari. "Gari lilifika kwake taa ikiwa imeshakufa."

Sajenti alisoma mara mbili. "Imekufa tangu lini, sasa?"

Fundi alikuwa ameinama. Inspekta alidhani amepumua kwa nafuu, akafurahi kwa ajili yake, kisha akaona kwamba midomo yake inarudia neno moja: tisa. Hakuwa na muda wa kumuuliza. Ilikuwa saa nne na robo.

Alirudi uani karibu akikimbia. Alichukua kipande cha sponji kilichotolewa kwenye usukani, cha rangi ya zambarau iliyoiva, akakaa kwenye kiti cha dereva akifikiri, na ukingo wa kifuniko cha kiti ukajikunja chini ya mkono wake. Upande wa ndani ulikuwa zambarau. Alikivuta chote. Kitambaa cheusi juu, sponji ya zambarau chini. Alikilinganisha na kile mkononi: rangi moja, unene mmoja.

Alimpigia simu mume wa mkunga.

"Kava za viti mlinunua wapi?"

"Zilikuja na gari. Zawadi ya yadi. Kwa nini?"

"Na kabla ya pampu ya maji, shemeji yako alishawahi kulitengeneza?"

"Hapana," alisema mume. "Afande, unataka kusema nini?"

"Sisemi, bwana. Nauliza."

Saa tano kasoro walikuwa yadini, barabara kuu, magari ishirini na kitu yameng'arishwa mpaka yanaumiza macho. Mkaguzi alibaki ndani ya gari la polisi lililoegeshwa mbali, na sanduku lake la vifaa mapajani. Inspekta alikuwa amevaa gauni lake la kawaida. Sajenti alikuwa amevua kofia na shati la kazi, akabaki na fulana iliyomkaba tumbo.

"Wewe ni mume wangu," Inspekta alimwambia. "Na hujui lolote kuhusu magari."

"La kwanza si kweli, la pili ni kweli."

Mwenye yadi aliwajia mikono imefunguka. Watu walimwita Bosi Tabasamu, na alistahili. Ofisini nyuma yake, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa anatia sahihi karatasi za kununua gari dogo jeupe.

"Karibuni, karibuni. Baba na mama mnatafuta gari la familia, naona kwa macho."

"Mume wangu anataka lile jekundu," Inspekta alisema. "Mimi nataka lenye usalama."

"Mama ndiye mwenye akili nyumbani." Bosi Tabasamu aliingia kwenye lile jekundu, akazungusha ufunguo mpaka mwisho kwa mkupuo mmoja. Injini ikanguruma, taa zikapita kufumba na kufumbua. "Sikia hiyo. Na dashibodi tazama, safi. Kwangu gari haliondoki na taa inayowaka."

"Naomba nijaribu mwenyewe."

"Linawaka, mama, si umesikia."

"Nisikie tena." Alikuwa ameshaufungua mlango, na Bosi Tabasamu, kwa adabu ya biashara, akashuka. Inspekta alizima injini. Alizungusha ufunguo kidogo, akasimama hapo. Alihesabu. Kumi. Ya kumi iliwaka, ikakaa, ikajizima yenyewe. Alihisi aibu kidogo, kama mtu aliyeingia nyumba siyo.

"Na lile la bluu?"

La bluu lilikuwa na kumi. La fedha lilikuwa na kumi. Sajenti alianza kumtazama kwa jicho la nimekwambia. Inspekta alikwenda kwenye la nne, la kijani, aina moja na la mkunga, akazungusha ufunguo.

Tisa.

Alikaa nao hapo, akihesabu upya. Kisha alishuka taratibu.

"Bosi, hapa kuna taa haiwaki. Ile ya mtu na duara."

"Mama, taa isiyowaka ndiyo afya njema. Ingewaka ndiyo ungeogopa."

"Kweli kabisa," alisema Sajenti, akiigiza ujinga kwa ustadi uliomshangaza Inspekta. "Mke wangu hupenda kutafuta ugonjwa. Na hizi kava nzuri mnatengeneza wapi?"

"Hapahapa, nyuma. Kila gari linapata zawadi."

Sajenti alijipeleka nyuma bila kungoja kualikwa, na Inspekta akamfuata. Chini ya bati mama mmoja wa makamo alikuwa anaendesha cherehani, magunia ya kitambaa cheusi upande mmoja, sponji ya zambarau imekunjwa upande mwingine.

"Kazi nzuri hii, dada," Inspekta alisema. "Vipande vinavyobaki unavifanyia nini?"

"Havibaki, mama. Fundi wa umeme hapa yadini anavichukua."

"Vya nini?"

"Anasema vya kuzuia kelele kwenye usukani." Mshonaji hakuinua hata mguu kwenye pedali. "Mimi namwambia, usukani gani huo unapiga kelele kila wiki?"

Nyuma yao Bosi Tabasamu alikuwa amefika, na jina lake halikumfaa tena. Inspekta alitoa kitambulisho. Sajenti akampungia mkono Mkaguzi, naye akaja na sanduku lake kwa mwendo wa mtu anayestaafu kesho.

Kuung'oa mfuniko wa usukani wa gari la kijani kulichukua dakika tatu. Mkaguzi aliingiza vidole viwili, akavuta, na sponji ya zambarau ikatoka kwa kishindo kidogo, ikafuatiwa na nyingine. Shimo lilibaki wazi. Kisha akafungua dashibodi, akatoa balbu ya kumi, akamwonyesha Inspekta kitako chake. Tepu nyeusi, kama ukucha wa mtoto.

"Nimeyanunua hivyo hivyo," alisema Bosi Tabasamu. "Yalishapata ajali huko yalikotoka, mifuko ikaruka. Mimi mfanyabiashara, sikujua."

"Uliyanunua yameshindiliwa sponji ya cherehani yako?"

Fundi wa umeme wa yadi, mtu mnene mwenye pete mbili, alikuwa amekwisha kaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kichwa mikononi. "Nilimwambia tununue mifuko mipya," alisema kwa sauti ndogo. "Akasema nani huhesabu taa."

"Mficha maradhi," Mkaguzi alianza.

"Tunaijua, mzee," alisema Inspekta. "Fungua na lile jeupe."

Mama mwenye mtoto mgongoni alikuwa ametoka ofisini na ufunguo mkononi. Alisimama akitazama Mkaguzi anavyovuta sponji ya tatu ya zambarau kutoka kwenye gari alilokuwa ameshalichagulia jina. Aliuweka ufunguo juu ya boneti, akamfungua mtoto mgongoni, akamkumbatia kifuani kwa mikono miwili. Inspekta alipata hasira kali hivi kwamba ilibidi atazame pembeni kabla ya kusoma haki za waliokamatwa.

Waliingia kituoni saa saba na dakika arobaini. Karandinga lilikuwa limeshawasha injini, na fundi alikuwa na mguu mmoja ngazini, pingu mikononi. Inspekta alimwita dereva kwa jina lake la kazi na jina moja lisilo la kazi. Injini ikazimwa.

"Mshushe," alisema. "Siyo yeye."

Kwenye kaunta Sajenti alimrudishia fundi mkanda na simu, akaandika kila kimoja kwa heshima ambayo siku tano hizi hakuwa nayo. "Daftari tunabaki nalo," alisema. "Ndilo lililokutoa. Lile nililoandika chafu, samahani kwa hilo, Karani."

Fundi hakucheka. "Afande, naomba nilione mara moja."

Inspekta alimfungulia ukurasa. Fundi alisoma mistari yake mitatu kama barua iliyotoka kwa mtu mwingine.

"Nilijua zinatakiwa kumi," alisema. "Alikuwa na haraka, anawahi zamu. Nikahesabu tisa, nikaandika tisa, nikasema si mimi niliyeiua, nitamuuliza siku nyingine. Likatoka na tisa. Nikamwambia dada, tia sahihi hapa. Nilikuwa najilinda mimi, afande. Dada yangu ndiye niliyekuwa najilinda dhidi yake."

Sheria haikuwa na kifungu cha jambo hilo, na Inspekta angemdanganya mtu mzima akisema si kitu. Alichomoa mfukoni karatasi ya hospitali, ile yenye maneno mawili, akampa.

"Hii si kielelezo," alisema. "Ni yako."

Mume wa mkunga alikuwa mlangoni tangu walipoingia, hajui aweke wapi mikono. Alikuwa ameambiwa kwa simu. Alisogea, akasimama mbele ya shemeji yake. Alitoa ufunguo wa gari lake.

"Anakusubiri," alisema. "Endesha wewe. Mimi sina macho leo."

Inspekta aliwatazama kupitia dirisha la kaunta. Wawili hao waliingia gari la mume, wakafunga milango, wakafunga mikanda. Fundi alizungusha ufunguo kidogo, akasimama hapo. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Shemeji yake, ambaye katika maisha yake hakuwahi kuhesabu taa za gari lolote, alijiinamisha upande wa usukani akahesabu naye, kidole kimoja kikitembea. Walifika mwisho pamoja, wakangoja ya kumi ijizime yenyewe.

Ilijizima. Fundi aliweka paji la uso kwenye usukani akalia, na injini ilikuwa bado haijawashwa.